Mapigo ya Mteremko wa Nyuma

Saa tatu asubuhi, Jumanne, mkaguzi wa bima Dwight Pruett alishuka kutoka kwenye paa la Vernon Stroud, hapa Enid, Oklahoma, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Huku nyuma hakuna alama za mvua ya mawe, Jolene. Kuna za nyundo."

Jolene Hatcher aliona haya. Kazi yake katika kampuni ya kuezeka mapaa ni kudai nyongeza: bima ikikadiria pungufu, yeye huonyesha kilichoachwa. Bima ilikuwa imekubali kulipia mteremko wa mbele wa paa hili tu. Yeye ndiye aliyeomba wa nyuma uongezwe, kwa picha za Tanner, muuzaji wao.

"Ni huyo huyo Tanner," alisema Mzee Vernon, mwalimu mkuu mstaafu. "Tangu dhoruba ipite wanagonga milango ya watu kama wadai."

Tanner alitoka garini mbio. "Mzee! Si wewe uliyenipigia simu nije kupiga picha?"

"Utawaeleza polisi," Pruett alimkatiza.

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao, bwana!"

Jolene alipanda ngazi. Alama zilikaa kwenye vigae kwa nusu duara, nane nane, zote karibu na ukingo. Hatua mbili juu yake, vigae havikuwa na doa. Bomba la bati na mifereji, ambavyo mvua ya mawe ingevibonyeza, havikubonyea hata kidogo. Alishuka.

"Tanner, panda hadi kileleni."

Tanner alipanda kwa miguu miwili kama anayekwenda dukani.

"Mtu anayetembea juu hivyo," Jolene alimwambia Pruett, "kwa nini agonge ukingoni tu? Aliyegonga hakuiacha ngazi. Aligonga mkono ulipofika, akashuka, akaihamisha."

Mama Imogene, mke wa Vernon, alicheka mlangoni, kitambaa cha vyombo begani. "Kama mnatafuta mwoga wa paa, mnaye! Tangu avunjike nyonga, Vernon huyu anasafisha mifereji huku ameikumbatia ngazi kuliko anavyonikumbatia mimi."

Hakuna aliyecheka naye. Alimtazama mumewe, kicheko kikamkauka.

"Panavuja juu ya kitanda chetu, Imogene," Vernon alisema polepole. "Wamelipa mbele tu. Nilishindwa kwenda kukopa kwa watu niliowachapa darasani."

"Kwa hiyo ungemwacha mtoto wa watu afungwe?"



Pruett alitoa kalamu. "Alama nane ndiyo idadi tunayotaka kwenye kila mraba tunaopima, ndipo bima ilipe. Mtu wa nje haijui. Nani alikwambia, mzee?"

"Nilisoma mahali."

Alikuwa anamficha mtu, na Jolene alijua ni nani. Wiki iliyopita mzee alimpigia simu, akamuuliza kwa nini nyuma hapakulipiwa. Naye alimjibu: tukipata nane tu kila mraba, watalipa. Angenyamaza sasa, hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," alisema. "Kwenye simu. Tena nilicheka, kama ninayempa siri ya upishi."

"Ulijua atafanya hivi?" Pruett aliuliza.

"Sikujua. Sikujiuliza pia. Picha zilipokuja na nane kamili, nilifurahi, nikazituma."

Pruett aliandika. Tanner alikuwa ameshuka. Mama Imogene alimwendea, akamshika mikono yote miwili, akafungua kinywa kumwomba radhi. Kisha akaiachia. Aligeuka, akaingia ndani peke yake, akafunga mlango. Mumewe alibaki uani pamoja na wageni.