Neno Nililomsingizia Mama

"Stara mwanangu, ile shule yako wamejibu nini?"

Mama aliuliza hivyo huku akichambua mchele kwenye ungo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, uani kwetu mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma. Ndiyo siku ndoa yangu ilipoanza kuvunjika.

Stara, mke wangu wa miaka minne, alikuwa anaanua nguo. Akajibu kwamba wamempokea, lakini ufadhili umekwisha. Waliotuma maombi raundi ya kwanza, mwezi wa tisa, ndio waliogawana. Yeye alituma raundi ya pili, mwezi wa kwanza, na bila ufadhili shule ile ya biashara ya Afrika Kusini hatuiwezi hata tukiuza duka.

"Kwa nini ulichelewa?"

"Si wewe mama uliyesema nisubiri?"

"Mimi?"

"Ulisema harusi ya Lulu ipite kwanza."

Mama akaweka ungo chini. "Mwanangu, mimi mwezi wa tisa nilikusomea Yasini ili maombi yako ya shule yafike salama. Nilijua umeshatuma."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasafisha kabureta ya mteja. Niliendelea kuisugua mahali palipokuwa safi tayari. Stara hakupandisha sauti. Alikuja akasimama mbele yangu, shuka mkononi.

"Rahimu, mama alisema au hakusema?"

"Hakusema."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Mama alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi zamani. "Umeazima kinywa changu bila kuniomba," akasema. Akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Niseme ilivyokuwa, maana naandika haya nisije nikajipunguzia kosa siku zikienda.

Stara ana digrii. Alikuwa msimamizi wa mauzo kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, njia ya Zuzu. Mimi niliishia kidato cha nne, nauza vipuri vya pikipiki. Mkuu wake wa kazi, Bwana Silvano, alishakubali kumwandikia barua ya kumpendekeza, na alimsisitiza atume mapema, nafasi zikiwa nyingi na mfuko wa ufadhili haujaguswa. Siku hiyo Stara alikuja dukani kuniambia, amekaa juu ya ndoo ya oili, anacheka peke yake kwa furaha. Alipoondoka, jirani yangu Mudrick, fundi wa pikipiki, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Huyo akirudi, kaka, wewe utakula kwa miadi. Utaambiwa bosi yuko kikaoni, subiri mapokezi."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani.

Nilijua nikisema mimi ndiye sitaki, Stara atanihoji, na atanishinda. Yeye ni Msandawe, baba yake yuko Kwa Mtoro, huko Chemba, na alilelewa kwamba mama mkwe akishasema, hafuatwi mlangoni kwake kuulizwa sababu. Nilimjua hivyo. Ndiyo maana nilimchagua mama.

"Mama anasema subiri harusi ya Lulu ipite," nikamwambia jioni ile. Lulu ni mdogo wangu. "Mke wa kaka hawezi kuzama kwenye makaratasi wakati kuna shughuli."

"Mama kasema hivyo?"

"Si unamjua. Na raundi ya pili si ipo?"

"Bwana Silvano anasema haifanani na ya kwanza."

"Shule ni ile ile, Stara."

Alikaa akiitazama kompyuta. Kisha akaifunga. "Mama akishasema, nitafanyaje," akasema.

Harusi ya Lulu aliisimamia yeye, sufuria kwa sufuria za pilau, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Mama alimsifu mbele ya watu. Stara aliinamisha kichwa, na mimi nilijua anachofikiri: kwamba kusubiri kwake kumeonekana. Mama wa watu hakujua hata kama kuna kitu kilichosubiriwa.

Basi Jumamosi ile, mama alipokwisha kuingia ndani, Stara alikunja shuka, akaliweka juu ya nguo nyingine, akasema:

"Nipe talaka yangu. Moja tu. Nyingine ziache."

"Kwa sababu ya shule?"

"Ungesema hutaki niende, tungegombana, na huenda ningebaki. Miezi yote hii nimemtumikia mama kwa neno ambalo hakulisema. Sasa nikikusikia unaongea, sijui ni nani anayeongea."

Nilimpa. Aliniambia eda, ile miezi mitatu, ataikaa kwa baba yake. Nikitaka kumrejea, niende Kwa Mtoro na mama, na mbele ya baba yake niseme neno lile lilikuwa la nani. Hakutaka zawadi, hakutaka ng'ombe wala mbuzi. Kwa sheria, kabla eda haijaisha, ningeweza kumrejea kwa kutamka tu, lakini kumrejea bila kutimiza lile alilotaka kungekuwa kumlazimisha mara ya pili.

Mwezi wa sita akanitumia ujumbe: "Mwezi mmoja umepita."

Nikamjibu kwamba Idd ikiisha nitakuja. Idd ikaisha. Nikasema mzigo wa vipuri unaingia wiki hii.

Mwezi wa saba: "Miwili imepita."

Ijumaa iliyofuata mama alikaa sebuleni toka asubuhi, amevaa baibui, mkoba magotini. Nilimwambia twende wiki ijayo, barabara ina vumbi sana. Hakuamini, na hakujisumbua kujifanya ameamini.

"Mwanangu, aibu hii ni ya siku moja. Ukiikwepa itakuwa ya kila siku."

"Nitaenda, mama."

"Baba yake atakuuliza swali moja tu. Unamwogopa mzee mmoja mwenye swali moja?"

Nilikuwa namwogopa. Mzee Hanifu aliniozesha bintiye bila kuniuliza nimesoma hadi wapi. Alisema anatazama ulimi wa mtu. Sasa ningekwenda kumwambia nini kuhusu ulimi?

Badala ya kwenda, nilipiga simu.

"Stara, nimetafakari. Nimtume Mudrick na mzee mmoja wa msikitini. Wataeleza vizuri kuliko mimi."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anaongea kile Kisandawe chao cha kugonga ulimi. Akasema:

"Uliazima kinywa cha mama. Sasa unataka kuazima cha Mudrick?"

"Muda bado upo."

"Upo, Rahimu. Mimi pia niliambiwa raundi ya pili ipo."

Akakata.

Mwezi wa nane, Jumanne, nilifunga duka mchana. Nilimwambia mama ajiandae, kesho alfajiri tunaondoka. Alijiandaa. Tulifika Kwa Mtoro Jumatano saa sita. Mzee Hanifu alitupokea vizuri. Mama alipewa kiti, mimi nikampa shikamoo mzee, na kabla hata ya maji kuletwa nikasema yote, tangu ndoo ya oili hadi ungo wa mchele. Nilishangaa jinsi yalivyokuwa mafupi. Hayakumaliza hata dakika tano.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita Stara.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Mwambie."

Stara alinitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Eda imekwisha Jumatatu," akasema.

Mama alishika ukingo wa mtandio wake, akaufunika uso.

Nilimuuliza kama naweza kupeleka posa upya, ndoa mpya, mahari mpya. Akasema sheria hainizuii. "Lete barua. Itasomwa. Lakini mwezi wa tisa nami natuma yangu, na nikijibiwa naondoka."

Barua yangu niliiandika mara nne, kwa mkono wangu, bila mshenga kunisaidia maneno. Mzee Hanifu aliijibu kwa heshima: binti anashukuru, ameomba asijibu kwa sasa.

Maombi yake aliyatuma tarehe tisa mwezi wa tisa, raundi ya kwanza. Bwana Silvano ndiye aliyenijulisha, alipokuja kununua plagi ya pikipiki. Desemba akarudi kununua nyingine, akaniambia Stara amepata, na ufadhili kamili. Nilimpa plagi, nikamrudishia chenji yake, nikamwambia ampe hongera.

Sasa nyumbani tumebaki mimi na mama. Asubuhi ananijulia hali kama kawaida, ila akitaka kumwagiza mtu jambo, haniambii mimi nikaseme. Anavaa viatu, anakwenda mwenyewe.

Treni ya kumpeleka Stara kwenye ndege inaondoka Dodoma Ijumaa saa nane mchana. Lulu ndiye anayemsindikiza. Vitabu vyake vilivyobaki kwangu nimevifunga kwenye boksi, na Lulu atalipitia dukani saa tano.