Namba za Robine ya Nne

Fadhila hakuwa na viatu vya mpira. Hakuwa na saa ya mkononi, hakuwa na chumba cha peke yake, wala meza ya kuandikia. Daftari aliliweka juu ya gunia la mchele dukani kwa bibi yake. Baba hakuwa nyumbani, alikuwa Kalemie kwa biashara ya vitenge. Na tumbo lake halikuwa na uvumilivu hata kidogo: akiona kamasi kwenye pua ya mtoto, chakula kilimshinda.

Alichokuwa nacho ni kazi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya shule, alitakiwa kwenda kwenye robine, bomba la maji la umma la mtaa wao, huko Kasenga, na simu ndogo ya kuhesabu sekunde. Aweke bidoni, dumu la lita ishirini, afungue maji, aandike imejaa kwa sekunde ngapi. Wanafunzi sita wa mji wa Uvira walipewa kazi hiyo kwa wiki tatu, kila mmoja na robine yake. Ya Fadhila ilikuwa ya nne.

Aliyewapa kazi ni Dokta Domitille Nduwimana, mwanamke mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa uwanda wa Ruzizi karibu na Luvungi, mwalimu wa chuo kikuu huko Bukavu. Aliwaeleza kwamba namba zao, watakazomtumia kila siku kwa simu, zitaingia katika kompyuta yake, kisha zitakwenda kwa kamati ya Bukavu inayochagua mitaa ya kuwekewa mabomba mapya. Mtaa wenye maji dhaifu utatangulia. Mtaa wenye maji ya nguvu utasubiri, pengine miaka.

Siku nne Fadhila alifanya kazi vizuri, na bidoni ilijaa kwa sekunde hamsini hivi. Usiku wa nne mvua kubwa ilinyesha. Kando ya robine ya nne kuna mtaro. Watu wazima, wenye mikono na majembe, walikuwa wameuacha ujae nepi, matumbo ya samaki wadogo wa ndagala na mavi ya watoto, kisha wakapanga foleni kando yake wakiongea habari za majirani. Asubuhi ya tano maji meusi yalikuwa yamepanda hadi kwenye vidole vya miguu. Panya aliyevimba alielea, akagusa kandambili ya Fadhila. Msichana akatapika mbele za watu.

Ayoubu, mtoto wa shangazi yake, aliyehesabu robine ya tatu, aliipata habari kabla ya kengele ya shule.

“Weye, pua yako ulinunua duka gani?” alimwuliza mbele ya wenzao. “Minye niko na panya wawili kule kwangu, na ninahesabu.”

Tangu siku hiyo Fadhila hakurudi kwenye robine. Saa kumi na mbili alikaa juu ya gunia na kikombe cha chai, akabuni. Wala hakubuni ovyo. Hamsini, arobaini na nane, hamsini na tatu: alizipandisha na kuzishusha kidogo ili zifanane na za kweli. Jirani yao Agathe, aliyewatekea maji, alilalamika dukani kwamba siku hizi unaweza kumsuka mtu nusu ya kichwa kabla bidoni haijajaa. Fadhila alimsikia vizuri kabisa. Kesho yake aliandika hamsini na moja.

Wiki ya tatu Kwizera, mtoto wa Agathe mwenye miaka mitatu, alianza kuharisha maji meupe. Walimkimbiza kwenye kituo cha matibabu akiwa ameshikwa na kipindupindu, macho yameingia ndani. Alitundikiwa dripu siku mbili. Bibi alipeleka uji. Fadhila alibaki dukani, akaandika namba yake ya siku.

Jumamosi ya mwisho Dokta Domitille alikuja kutoka Bukavu. Aliwaita wanafunzi mmoja mmoja darasani. Fadhila alipoingia, Dokta alikuwa amefungua kompyuta na daftari la robine ya nne pamoja.

“Alhamisi umeme ulikatika tangu usiku na pampu zilisimama,” alisema. “Robine tano zilikauka. Ya kwako ilijaza bidoni kwa sekunde hamsini na mbili. Nieleze hiyo fizikia.”

Fadhila alijibu kwamba labda maji yalikuwa yamebaki ndani ya bomba. Dokta aliinuka, akamwambia wafuatane.

Kwenye robine ya nne aliazima jembe, akavuta takataka kando ya mtaro. Chini yake bomba lilionekana, limelala ndani ya uchafu ule mweusi, na ufa wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Dokta alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza hesabu. Maji yakiwa na nguvu, yanasukuma kutoka ndani kwenda nje. Nguvu ikipungua, kilicho nje kinavutwa ndani kupitia ufa. Kinakwenda kwenye bidoni, kutoka bidoni kwenye kikombe.

Fadhila alikumbuka chai yake ya kila asubuhi. Tena maji bibi aliyachemsha. Ya Kwizera, nani alijua kama yalichemshwa? Aliuliza kama ni yeye aliyemtia mtoto ugonjwa.

“Siyo weye,” Dokta alisema. “Ufa ndio ulimtia. Ila kamati inauliza wapi ugonjwa unapita, na weye uliandika kwamba hapa haupiti. Jana niliwatumia orodha ya namba zenu. Mtaa wenu umeondolewa.”

Wakarudi darasani. Hapo Dokta alimsimulia maisha yake, bila kujisifu. Alianza na fizikia: alipima jinsi maji yanavyopita ndani ya mabomba. Kisha aliona kwamba kipindupindu nacho kinasafiri na maji, akajifunza biolojia akiwa mtu mzima, benchi moja na vijana, halafu kompyuta, ili aunganishe yote mawili. Wanafizikia walimwita mganga wa vijidudu. Wanabiolojia walimwita fundi bomba. Hayo hayakumuumiza. Kilichomuumiza ni kazi ya miaka mitatu aliyoichapisha katika jarida la wanasayansi, kisha akagundua kwamba mwenzake alikuwa amezibuni namba za maabara.

“Niliandika barua kwa mkono huu, nikaomba makala yangu mwenyewe iondolewe,” alisema. “Jina langu lilichekwa. Lakini kuliacha lile jambo la uongo ndani ya jarida, watu walinywe, nilisikia kinyaa kuliko mtaro wowote. Safari hii pia nina kosa. Namba zako zilikuwa nzuri mno, nikazipenda, sikuzilinganisha na saa za umeme kabla ya kutuma.”

Alitoka uani, akapiga simu kwa kamati. Walikubali kuusubiri mtaa ule hadi Jumatano, kwa masharti mawili: waletewe namba mpya za siku tatu, na barua iliyotiwa saini na aliyeandika zile za uongo.

Jumamosi ile ile jioni, Jumapili na Jumatatu, Fadhila alisimama kwenye robine ya nne na matope hadi vifundoni. Alitapika Jumapili, akafuta mdomo, akaendelea. Bibi yake, aliyejua sasa habari yote, alisimama mlangoni mwa duka kumtazama akienda.

Jumatatu baada ya shule Dokta, aliyekuwa amebaki Uvira, aliisoma barua dukani.

“Mimi, Fadhila, mwanafunzi, ninaandika kwamba namba za siku nne za kwanza ni za kweli. Nyingine zote nilizibuni nyumbani kwa sababu nilichukia uchafu. Namba za kweli za siku hizi tatu ni sekunde 131, 144 na 160. Naomba mtaa wetu usiadhibiwe kwa kosa langu.”

“Umechukia uchafu, na ni haki yako,” Dokta alimwambia. “Mtaro kila mtu anauona na kuuruka. Namba ya uongo hakuna anayeiruka, tunaimeza wote. Chukia hiyo kwanza.”

Fadhila alitia saini, akakunja karatasi, akaiingiza ndani ya bahasha. Alilamba gundi, akaibana kwa kiganja juu ya gunia la mchele, akavuka barabara na kumkabidhi dereva wa gari la Bukavu, aliyekuwa amekwisha kuwasha injini.