Mikono ya Mama Sindano

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja wake sokoni, kwa sababu hakukosa sindano kwenye kola ya gauni lake. Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la mkewe.

Binti yao, kifungua mimba, alikuwa daktari. Alifanya kazi miaka miwili, kisha akarudi chuoni. Jambo hilo lilimkaa Mama Sindano kama mwiba.

"Mwanao anasoma tena?" mteja alimwuliza asubuhi moja. "Kwani alifeli?"

"Hakufeli. Anasomea ubingwa wa tiba ya dharura. Miaka mitatu."

"Makubwa! Daktari mzima anasoma nini tena?"

Mama Sindano aliinamia cherehani. Akaendelea kushona.

Mara akamsikia mumewe akiita. Msumeno ulikuwa umeteleza na kumkata mkono, chini kidogo ya kiwiko. Damu ilikuwa ikichuruzika. Jirani alikuja mbio na kopo la kahawa, akammwagia unga wake kwenye kidonda. Mwingine akaufunga mkono kwa kamba, juu ya kidonda. Wakapanda gari kwenda hospitali ile ile aliyokuwa akisomea binti yao.

Mlangoni mwa chumba cha dharura walipokewa na muuguzi wa makamo. Alifungua ile kamba, akaweka kitambaa safi juu ya kidonda na kukibana kwa nguvu. Alimpima seremala mapigo ya moyo na presha. Alimwuliza jina na siku. Kisha akamvalisha utepe wa njano.

"Kaeni hapa, mtaitwa. Baba, endelea kubana hivi hivi. Usifunue kuchungulia."

Hawakukaa sana. Mwanamume mmoja aliletwa akihema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Akavalishwa utepe mwekundu, akapitishwa moja kwa moja ndani.

Mama Sindano akasimama. "Dada, sisi ndio tuliotangulia! Mume wangu anatoka damu!"

"Namwona, mama," muuguzi alisema. "Lakini hapa si dukani. Hapa anatangulia aliye karibu zaidi na kifo. Mumeo anapumua vizuri, anaongea vizuri, na damu imepungua. Yule hawezi hata kutaja jina lake. Dakika tano kwake ni nyingi."

"Basi niitie binti yangu. Ni daktari humu humu."

Muuguzi alimtazama vizuri, akatabasamu. "Kumbe wewe ndiye mama yake! Yuko ndani, na huyo huyo mgonjwa."

Mlango wa chumba ulikuwa na kioo, na haukufungwa kabisa. Mama Sindano akasogea. Alimwona binti yake amesimama miguuni pa kitanda, hakushika chochote. Wengine wanne walikuwa wakihangaika na mgonjwa. Nyuma yao, daktari mwenye mvi alikuwa ameegemea ukuta, akiwatazama.

"Mbona wangu kasimama tu?" Mama Sindano alinong'ona. "Wenzake wanafanya kazi!"

"Sikiliza kwanza," muuguzi akamwambia.

"Oksijeni iko?" binti aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Iko."

"Dawa ya kufungua kifua, mpe ya pili sasa. Rudia nilichosema."

"Dawa ya kufungua kifua, ya pili, sasa."

Yule mwenye mvi alifungua mdomo mara moja tu. "Na isiposhika?"

"Ya mshipani iko tayari, mwalimu. Na vifaa vya kumsaidia kupumua viko hapa mkononi mwa mwenzangu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Huyo ni daktari bingwa," muuguzi alieleza. "Mwanao anaongoza, yeye anasimamia. Mwaka wa kwanza bingwa huyo alikuwa akimshika mkono mwanao kwa kila kitu. Walirudia kazi hii kwenye sanamu ya mtu mpaka ikawaingia. Leo amekaa kando kwa sababu anamwamini. Akikosea, atamzuia kabla mgonjwa hajaumia. Dharura haimpi mtu nafasi ya kufungua kitabu, mama. Ndiyo maana wanasoma tena."

Ndani, kifua cha yule mgonjwa kilianza kutulia. Alisema neno moja. Kisha mawili. Mama Sindano alijikuta ameshika shavu, machozi yanamtoka, na wala hakumjua mgonjwa yule ni nani.

Binti alipotoka aliwaona wazazi wake. Alishtuka, akapiga goti mbele ya baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, nishone."

"Hapana, baba. Mtu wako akiwa kitandani, moyo huingilia mikono. Mwenzangu atakushona, na mwalimu atakagua."

Mwenzake alikuwa wa mwaka wa kwanza. Mama Sindano alimkazia macho kama fundi anayemkagua fundi mwenzake. Kijana hakuanza na sindano. Alimwambia seremala akunje vidole kimoja kimoja, aone kama mishipa haijakatika. Akamfumbisha macho na kumgusa, akiuliza, "Hapa unasikia?" Akampiga ganzi, kisha akaosha kidonda kwa maji mengi.

"Nani aliweka kahawa?"

"Jirani," alijibu Mama Sindano.

"Mwambieni kahawa ni ya kunywa. Kidonda hakitaki kahawa, majivu wala dawa ya meno. Kinataka kitambaa safi na mikono yenye nguvu."

Akashona. Mama Sindano alihesabu mishono tisa, imelingana. "Ungekuja dukani kwangu," alisema, "ningekuajiri leo leo." Hata mwalimu alicheka.

Wiki sita baadaye, kisu kilimponyoka muuza nyama pale sokoni, kikamkata paja. Damu iliruka. Watu walipiga kelele, na kopo la kahawa likatokea.

"Rudisha hilo jikoni!" Mama Sindano alifoka. Alikunja kitambaa safi cha pamba cha dukani, akamlaza muuza nyama chini na kubana kwa viganja vyote viwili, mwili mzima ukiwa juu ya mikono. Kitambaa kilipolowa hakukifunua. Aliongeza kingine juu yake, akabana tena. Alibana garini njia nzima.

Safari hii utepe ulikuwa mwekundu. Binti yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Nieleze," alisema.

"Kisu cha nyama, saa nne na robo," Mama Sindano alijibu, akihema. "Nimebana tangu hapo, sijafunua. Anaongea, lakini ana jasho la baridi."

Kwa nukta moja binti alimtazama mama yake. Kisha akageukia timu yake, akaagiza damu na maji ya mshipani, na kumwita daktari wa upasuaji.

"Usiachie mpaka nikwambie," alisema.

"Ndiyo, daktari," Mama Sindano alijibu.

Hakuwahi kumwita hivyo.

Muuza nyama alifanyiwa upasuaji mchana ule ule, na siku ya sita akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwezi uliofuata, madaktari wanafunzi walikuja sokoni na sanamu yao kufundisha huduma ya kwanza. Wauza mboga, wachukuzi na mafundi viatu walipanga mstari wakajaribu kubana, mmoja mmoja. Binti alifundisha upande huu, na upande wa pili alisimama mama yake, akipita nyuma ya wenzake na kuwasahihisha: "Usichungulie! Bana!"