Bwawa Lisiloshika Dawa

Maji yalimgomea tena. Abdulhadi alichuchumaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea, akateka maji kidogo kwa kichupa cha kipimo, akadondosha vitone vya dawa, akatikisa. Maji yenye klorini hugeuka manjano. Haya yalibaki meupe pe, utadhani ya kunywa.

"Mei you," akanong'ona, neno lile lile analojibiwa na wauza duka wa Kichina kule Xiaobei akiulizia mzigo uliokwisha. Hakuna. Na jana magharibi alimwaga klorini mpaka macho yakamwasha. Klorini huliwa na jua, hilo kila mwenye bwawa analijua. Haya, na usiku jua latoka wapi?

Alishabadilisha mchanga wa chujio. Alishamwaga maji yote, akasugua kuta kwa brashi mpaka kiuno kikakataa, akajaza mapya. Muuza dawa alimwambia hakuna tatizo, aongeze tu. Aongeze mpaka lini? Mtu kachoka, kachoka kweli, na hasira zake akawa anazimalizia nyumbani.

Nyumba yenyewe, nje kidogo ya mji, chini ya njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Baiyun, aliipanga kwa ajili ya binti yake Lulu. Mtoto huyo aliachwa Unguja kwa bibi yake punde tu alipoachishwa ziwa. Shifa, mama yake, alikuwa akienda na kurudi. Abdulhadi biashara ya vigae ilimganda huku, akawa baba wa kwenye simu. Sasa Lulu kaletwa, keshaanza kung'oka meno, na kila akimwona baba yake anainamisha uso. Abdulhadi alimwahidi kwamba atamfundisha kuogelea yeye mwenyewe. Moyoni alikijua anachokitaka: ndani ya maji, mtoto akiogopa, atamshika baba yake shingoni. Lakini katika maji yasiyo na dawa hathubutu kumtia mwanawe, akapate upele na kuumwa matumbo.

"Lulu," akaita kutoka uani. "We Lulu. Ukiitwa na mkubwa wako unafanya nini? Unaitika abee. Bibi yako hakukufunza adabu?"

Mtoto alikuja akasimama mlangoni, kainamisha uso.

"Bwawa limekushinda, unamgeukia mtoto," Shifa akamwambia taratibu. "Bado anakuona mgeni, baba Lulu. Mpe muda."

Jioni hiyo alimwaga klorini tena, akakaa hapo hapo kwenye kiti cha plastiki aone inakokwenda. Adhana ya magharibi ililia kwenye simu yake, akawa anataka kunyanyuka akatawadhe, ndipo aliposikia mtu anakunywa, gudu, gudu, gudu, kama aliyefunga siku nzima, na uso wa bwawa haukutikisika hata kidogo, ila ile harufu kali ya klorini ikawa inapungua, inapungua, na mahali pake ikaja harufu ya udi na asumini, nzito, ya chumba cha bibi harusi, katika uwanja ambapo hapakuwahi kufukizwa udi, na kutoka chini kabisa ya maji sauti yake mwenyewe Abdulhadi, kwa ukali ule ule wa mchana, ikaita, "Lulu."

Hakuna aliyeitika. Abdulhadi aliingia ndani kinyumenyume.

Kesho yake alasiri alimleta Maalim Mbarak, Mtanga mmoja anayeuza viatu vya jumla kule Liuhua na kuwasomea watu wenye mambo kama haya. Maalim aliyanusa maji, akakunja uso.

"Kakaa hapa muda mrefu, na wewe unamnywesha," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisoma atatafuta pa kwenda. Ataita. Atakayemwitika ndiye aliyemkaribisha."

Shifa alimchukua Lulu chumbani, akafunga dirisha, akamwonya sikioni: ukisikia sauti usiyoijua, usiitike.

Maalim akaanza kusoma. Maji yakachemka bila moto, mashine ya kuchuja ikazimika yenyewe, ndege ikapita juu ya paa isisikike, na Maalim akawa anasoma huku jasho linamchuruzika na Abdulhadi kakishika kile kiti kwa mikono miwili akimwomba Mola yaishe, yaishe tu, atalifukia bwawa kwa udongo asiogelee mtu, na katikati ya yote hayo sauti yake ikaita tena kutoka majini, safari hii bila ukali, kwa upole ambao yeye hakuwahi kumpa yule mtoto tangu ashuke kwenye ndege, "Lulu. Lulu mwanangu."

Kutoka chumbani, kwa adabu zote, mtoto akaitika.

"Abee, baba."

Maji yakatulia. Maalim alifunga msahafu wake, wala hakumtazama Abdulhadi usoni.

"Pima," akasema.

Abdulhadi akateka maji, akadondosha dawa, nusu ya vitone vikaangukia sakafuni. Kichupa kiligeuka manjano, manjano safi, ile ile aliyoihangaikia siku zote hizi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Lulu alikuja mbio anacheka, akamrukia baba yake, akamkumbatia shingoni akamkaza. Nywele zake zilinuka udi.

"Baba," akasema, macho yamevuka bega la baba yake na kutua kwenye ndoo ya klorini, "nina kiu."