Waliokuja Kutoka Kisiwa cha Papa

Ng'ombe walianza kulamba ukuta siku ya tatu baada ya Hulda kurudi kutoka safari. Kwanza alikuja jike mmoja, akatoka zizini kama aliyeitwa, akasimama nyuma ya chumba cha Mbaundja na kulamba saruji bila haraka. Hulda alimfukuza kwa kandambili. Ilipofika saa nane mchana walikuwa watano. Hulda alipitisha kidole ukutani, akakionja. Ilikuwa chumvi, na nyumba hiyo ilikuwa Okakarara, kwenye nchi kavu ya malisho, mwendo wa siku mbili kutoka baharini.

"Saruji mbovu," alijiambia, maana mtu akiogopa humtafuta fundi wa kulaumu.

Niseme mapema: anayesubiri jini mwenye kwato atachoka kusubiri. Kwato za hapa ni za ng'ombe tu. Kilichoingia nyumba ile kiliingia kwa kukaribishwa, na aliyekikaribisha alikuwa na sababu nzuri kuliko zote.

Mbaundja alikuwa binti pekee wa Hulda, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikufa tumboni. Baada ya ile ya pili, Baba mkubwa Tjikuua, ambaye ndiye anayetunza moto wa wazee waliotangulia katika ukoo wao, alikaa na majivu yake asubuhi nzima kisha akasema kuna mmoja wao hajarudi nyumbani. Alikuwa mama wa bibi yake Hulda. Wajerumani walimfungia kisiwani pamoja na maelfu ya Waherero na Wanama, enzi zile za vita, akafia huko. Mtoto wake mchanga alitoka kisiwani mgongoni mwa mwanamke mwingine, akakua, akawa bibi yake Hulda. Jina la mama yake hakuna aliyemwambia.

"Nenda kamchukue," Baba mkubwa alisema. Yeye mwenyewe alikuwa na magoti mabovu.

Ndipo Hulda akajiunga na wenzake kumi na mmoja, wazao wa waliofungwa kule, wakapanda basi dogo la Gerson, wakashuka kusini hadi Lüderitz. Kisiwa cha Papa siku hizi kimeunganishwa na mji kwa barabara. Kuna mnara mweupe wa taa, kuna mawe ya kumbukumbu, na pembeni watu hupiga mahema na kuchoma soseji. Mwongozaji wao aliwangoja langoni. Aliitwa Lukretia Boois, Mnama mfupi, sauti yake imezoea kugombana na upepo. Aliwatazama akina mama wale na magauni yao marefu na vilemba vyao vya pembe mbili, akatikisa kichwa.

"Nyie Waherero mnanichosha. Mnakuja kwenye upepo huu na sketi saba. Mmoja akiruka nitamwandikia barua aliko, Brazili."

"Na nyie Wanama mnavaa viraka," Hulda alimjibu.

"Viraka haviruki, dada."

Walicheka wote, na ndicho kicheko cha mwisho walichocheka pale. Lukretia alianza kutembea, wao nyuma yake. Aliwaonyesha mwamba waliolalia watu bila hema wala blanketi. Aliwaonyesha mahali walipobeba mawe ndani ya maji baridi kujenga gati, na ufukwe walikotupwa waliokufa, maji yakawarudisha, wakatupwa tena. Alisimulia polepole jinsi wanawake walivyopewa vichwa vya wafu wavikwangue nyama kwa vipande vya chupa, vikapelekwe Ulaya kupimwa, na jinsi wengine walivyokuta mikononi mwao sura wanayoijua. Kule kwenye mahema mtu alikuwa akifungua kopo la bia.

"Sasa nisikilizeni," Lukretia alisema, akishusha sauti. "Mkitaka kumsalimia mtu wenu, msalimieni kwa jina. Kama hamna jina, nyamazeni, wekeni jiwe, tuondoke. Msiseme bibi. Msiseme mama. Hapa kila aliyelala aliitwa mama na mtu."

Hulda alisikia vizuri kabisa. Siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini alikuwa amesafiri siku mbili akiwaza tumbo la mwanawe, na jina hakuwa nalo, na hakuna duka linalouza majina. Wenzake walipoanza kurudi kwenye basi, yeye alibaki nyuma kana kwamba anafunga kiatu. Alipiga goti kwenye mwamba, akachota maji ya bahari, akajinyunyizia usoni.

"Mama," alinong'ona, "twende nyumbani. Kuna mtoto anakungoja."

Upepo ulikatika. Kwa muda wa pumzi tatu hivi hata mawimbi hayakusikika. Kisha sketi zake zikawa nzito upande wa nyuma, zimelowa, zinavutwa chini kidogo kidogo, sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Lukretia alikuwa amesimama njiani anamwangalia.

"Umesema nini pale?"

"Nimesali tu."

Mwongozaji aliziangalia sketi zake, akamwandikia namba ya simu kwenye karatasi bila kuombwa. Njia nzima ya kurudi Gerson alilalamika. Gari linavuta kama limejaza watu arobaini, vioo vina ukungu na nje ni jua kali. "Mama Hulda, umepakia mawe ya kisiwa humu?" alitania. Hulda alijifanya amelala.

Baada ya ukuta wa chumvi yakaja maziwa. Baba mkubwa ndiye anayeonja maziwa mgando kwanza kabla ya mtu mwingine kunywa. Siku hiyo alionja, akayashikilia mdomoni, akayatema mchangani. Yalikuwa na chumvi. Sakafuni, kuanzia mlangoni hadi chumba cha Mbaundja, kulikuwa na alama za miguu iliyolowa, mitupu, myembamba, ya watu ambao hawajala siku nyingi. Hulda alizifuta. Alipogeuka kukamua tambara zilikuwa zimerudi, tena zaidi, na nyumba ikanuka kitu ambacho Mbaundja, aliyekuwa hajawahi kuiona bahari, hakujua akiite nini.

"Mama, mikono yako ina baridi," Mbaundja alisema kutoka chumbani, sauti yake ya usingizi.

Hulda alikuwa jikoni, mikono yote miwili imo ndani ya unga.

"Sijakushika, mwanangu."

"Basi wako wengi," Mbaundja alisema. Na kilichomtisha mama yake zaidi ni kwamba hakulia. "Wanapokezana. Wananishika tumbo, wanaimba kwa chini. Mtoto anawapenda, mama. Wakimshika analala."

Mtoto alilala asubuhi hiyo, akalala na mchana wake. Siku ya pili yake hakupiga teke hata moja. Walikwenda zahanati, na muuguzi alisikiliza muda mrefu akiwa amekunja uso. Moyo upo, alisema, lakini unapiga polepole mno, kesho asubuhi gari litawapeleka hospitali kubwa. Huku nje mfagizi alikuwa anawafuata na deki, ananung'unika ni nani hawa wanaotoka kuoga na kuingia bila kujifuta. Hulda aliangalia alama zilizotapakaa korido nzima, akaelewa kwamba hata hospitali kubwa watakwenda wote.

Waliporudi alimwambia Baba mkubwa kila kitu. Mzee hakumgombeza. Aliinuka na fimbo yake, akaketi penye moto wa wazee, akajitaja yeye na baba yake na babu yake, kisha akasema kwa heshima, "Wa kwetu na asogee. Wengine tunawaheshimu, lakini wabaki pale walipo." Jua lilikuwa utosini. Mchanga mkavu wa uani ulianza kulowa, unyayo mmoja, unyayo wa pili, halafu kumi, halafu zisizohesabika, zikitoka nyumbani na zizini na nyuma ya ukuta, zikausogelea moto kutoka pande zote, kila mmoja ukidhani ndio ulioitwa, mpaka zikamzunguka mzee na moto wake safu juu ya safu, na moto ambao haukuwahi kuzimika tangu babu wa babu yake ukaanza kufifia na kutoa moshi mweupe. Baba mkubwa alijitupa juu yake, akaukinga kwa koti.

"Nimefukuza vitu vibaya maisha yangu yote," alisema alipopata pumzi. "Hawa si wabaya. Kila mmoja aliacha mtoto mahali. Nimfukuze mama wa nani, Hulda? Uliyewaita ni wewe."

Hulda alipiga ile namba. Lukretia aliitika mara moja, nyuma yake upepo.

"Nilijua utapiga. Uliita mama, siyo?"

"Nitafanya nini? Mtoto anakufa. Wanambembeleza mpaka anakufa."

"Waambie watoke. Watatoka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, dada. Waamuru kwa ukali, kama askari. Watatii. Walipigwa mpaka wakajua kutii."

"Halafu waende wapi?"

Lukretia aliikinga simu na upepo.

"Unajua wanakokwenda," alisema. "Hawana pengine ila huku kisiwani. Mimi siwezi kukuambia ufanye, na siwezi kukuambia usifanye. Hata wa kwetu wamo humo."

Hulda hakuwa ameirudisha simu mfukoni Mbaundja alipoanza kuugulia. Uchungu ulikuja kwa nguvu, na gari lilikuwa la kesho. Hulda alifunga nywele, akachemsha maji, akafanya alichowahi kuwafanyia majirani. Godoro lilikuwa limelowa chapachapa. Alizunguka kitanda akihisi mabega yasiyoonekana yanampisha kwa adabu, baridi moja baada ya nyingine, na chini kwa chini ule wimbo wao, mnyonge, wa lugha yake na wa lugha nyingine, na sauti nyingine ndani yake hazikuwa za kuimba bali za pumzi tu, za wale waliotaka kuimba na hawana tena kichwa cha kuimbia, na Mbaundja alisukuma, akasukuma, akaita mama, na chumba kizima kikaitika.

Mtoto alitoka wa kike. Alikuwa wa buluu, baridi, macho wazi, hana sauti. Hulda alimsugua mgongo, akampulizia mdomoni, akamgeuza. Hakuna. Kisha akaona nywele za utosini mwa mtoto zikilazwa upande mmoja na kiganja kisichokuwepo, halafu kidole chake kidogo kikiinuliwa na kufungwa juu ya kitu, halafu uzito wake ukipungua kidogo mikononi mwa Hulda, kama vile mtu mwingine ameshaweka mikono yake chini na anasema kwa upole, nipe na mimi, nipe nimshike kidogo tu, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine, foleni ndefu ya akina mama waliosubiri miaka mia na zaidi, na kila aliyepokea aliondoka na joto kidogo la mtoto.

"Mama," Mbaundja alisema kitandani, "kwa nini halii?"

Hulda alimlaza mtoto kifuani kwa binti yake. Alitembea hadi mlangoni. Alitaka kuwaomba. Alifungua mdomo akaomba, "Jamani, akina mama, niachieni," na wimbo uliendelea, kwa sababu wao wenyewe walizoea kuomba na hakuna aliyewahi kuwapa.

Basi akanyoosha mgongo. Akavuta pumzi, na sauti aliyoitoa hakuijua.

"Tokeni. Wote. Nje. Mstari."

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Hakukuwa na ubishi wala kilio. Nyayo zilitoka zote, zikajipanga uani wawili wawili, zimenyooka, kisigino nyuma ya kisigino, upesi sana, upesi wa watu wanaojua kinachompata wa mwisho. Baba mkubwa alifunika uso wake kwa kofia. Mstari ulianza kwenda, ukapita penye moto, ukapita zizini ambako ng'ombe waliinamisha vichwa, ukashika barabara ya kusini.

Chumbani mtoto alikohoa. Akalia, kwa hasira, kwa mapafu yote mawili, na Mbaundja akalia naye.

Jozi moja ya nyayo ilikuwa bado mlangoni. Ilikuwa ya miguu midogo, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza, kama cha Hulda, kama cha Mbaundja. Haikuwa na mwenzi kwenye mstari. Taratibu iligeuka, vidole vikamwelekea yeye, ikatulia pale, na maji yakawa yanadondoka kizingitini tone kwa tone.

Angeweza kumuuliza jina, lile ambalo bibi hakuambiwa. Lilikuwa jambo la neno moja. Lakini barabarani mstari ulikuwa umesimama na nyayo za mbele zimeanza kugeuka kutazama, na nyuma yake kilio cha mtoto kilikuwa kinapungua.

Hulda aliinua mkono na kuonyesha barabara.

Nyayo zilikaa kidogo. Kisha zikageuka, zikaenda kujipanga mwisho wa mstari.