Jamvi Lenye Tundu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya paredi, wanafunzi wa shule moja ya msingi pale Ilala walikimbia mchakamchaka kuzunguka mitaa. Aliyetangulia mbele na kuanzisha nyimbo alikuwa Tatu Zahoro wa darasa la sita, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu. Aliyekuja nyuma kabisa, ulimi nje, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, Sitara Mrisho.

"Wewe Sitara, iko siku utapitwa na kobe!" Tatu alimtania wakirudi darasani.

"Nipitwe tu. Wewe kazi yako kukimbia, mimi nitakubebea madaftari," alijibu Sitara, na wote wakacheka.

Mwaka ule wezi walikuwa wamevunja mara mbili ghala la ushirika karibu na soko la Kariakoo. Msimamizi wa ghala hilo alikuwa Bwana Mrisho, baba yake Sitara. Baada ya kuzungushwa ofisi hii na ile, na mihuri isiyohesabika, alipewa kibali cha kumiliki bastola. Ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, naye aliifurahia kama mtoto anavyofurahia viatu vya Idi.

Katika nyumba aliyokaa Bwana Mrisho, chumba cha uani, alipanga Mzee Leodegar, askari polisi mstaafu kutoka Masasi. Watu wote walimwita Afande. Jumamosi moja jioni Bwana Mrisho alimwita barazani, akamfunulia leso aliyoifungia ile bastola. Sitara alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, akichambua mchele, masikio yamemsimama.

"Kwanza ielekeze chini, ndugu yangu," Afande alisema, hata kahawa hajaigusa. "Wewe ni mgeni wa kitu hiki, mimi nimekaa nacho miaka ishirini na sita. Kila bastola ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umezitoa mwenyewe sasa hivi. Unanisikia?"

"Nakusikia, Afande."

"Risasi ziweke mbali nayo. Yenyewe ifungie kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, ufunguo ukae mwilini mwako. Nenda mtaa wa Gerezani kwa fundi Bakili wa vyuma, mwambie nimekutuma mimi. Halafu waambie watu wa nyumbani kwako kwamba ipo, na kwamba mtoto akiiona asiiguse, aite mkubwa."

"Aa, Afande! Niwaambie watoto? Si watatangaza mtaa mzima! Mimi nitaificha tu, wala hakuna atakayejua."

Afande aliifunga tena leso kwa mkono wake. "Kuficha si kufungia, Bwana Mrisho. Nimeona mengi mimi."

Bwana Mrisho alikwenda Gerezani kweli. Lakini miaka ile kila kitu kilikuwa kwa foleni, na chuma nacho kilikuwa hakipatikani. Fundi Bakili akamwambia arudi wiki ijayo, na ilipofika akamwambia tena vivyo hivyo. Basi akaificha, tena na risasi zake ndani. Unajua aliificha wapi? Ndani ya jamvi!

Jamvi hilo aliliacha marehemu bibi yake Sitara. Lilikuwa refu, la kukalia watu kumi na wawili, na lilikaa juu ya kabati likiwa limeviringishwa na kufungwa kamba. Kwa jina lilikuwa la ukoo wao, lakini kwa kazi lilikuwa la mtaa mzima: pakitokea msiba au harusi, linafuatwa. Kuazimana majamvi ni shughuli ya wanawake, mchana, waume wakiwa kazini. Bwana Mrisho, miaka yote aliyokaa katika nyumba ile, hakuwahi kujiuliza jamvi lile hutoka mara ngapi.

Sitara alimwona kwa upenyo wa pazia akipanda juu ya kigoda. Siku ya pili, nyumba ikiwa tupu, naye akapanda. Akapenyeza mkono, vidole vikagusa chuma cha baridi. Akashuka mbio. Hakumwambia mtu. Angesemaje, naye alikuwa amechungulia?

Usiku wa kuamkia Jumatano ya wiki iliyofuata alifariki Mzee Uwesu, babu yake Tatu, nyumbani kwao Mtaa wa Msimbazi. Mama yake Sitara aliondoka alfajiri kwenda kusaidia kupika, akamwacha Sitara asiende shule, alinde nyumba. Saa sita mchana mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Tatu, macho yamevimba kwa kulia, pamoja na shangazi yake, Bi. Mwanahawa.

"Shikamoo, shangazi. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu, tumeshapoa. Mama yako katutuma jamvi. Watu wamejaa, hawana pa kukaa."

Sitara aliinua macho juu ya kabati. Jamvi la msiba halinyimwi mtu. Akisema hapana, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, baba yake atajua kuwa alichungulia.

"Baba... Baba hayupo," alisema kwa sauti ndogo.

"Ah! Na baba yako wa nini? Maiti itamngoja yeye?" Bi. Mwanahawa alipanda juu ya kigoda, akalishusha. "Lo, mbona zito leo?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno moja tu lingetosha.

"Kuna... kuna mkeka mwingine mdogo ndani," Sitara alijibu.

Tatu akalibeba begani, wakaenda zao. Sitara akakaa kitako kuosha vyombo. Sahani ya kwanza ilimponyoka, ya pili pia. Maskini, uongo ule ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaacha vyombo kwenye karai, akatoka mbio. Yeye, aliyepitwa na kila mtu, siku hiyo alikimbia kutoka Ilala hadi Msimbazi bila kupumzika.

Alipofika uani pa msiba, Tatu alikuwa ameinama akifungua kamba.

"Tatu, usilifungue! Usilifungue!"

Tatu aliinua uso kumtazama. Kamba ilikuwa imeshafunguka, jamvi likajikunjua, bastola ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ulisikika mlio mmoja tu, risasi ikalitoboa jamvi. Wanawake wakapiga mayowe, na Tatu akakaa chini, ameshika mguu wake wa kushoto, damu ikipita kati ya vidole.

Hospitali walimwokoa maisha, alhamdulillahi. Lakini risasi ilikuwa imevunja mifupa ya unyayo, na daktari akasema hatakimbia tena. Bastola ilichukuliwa na polisi, Bwana Mrisho akafikishwa mahakamani, akapoteza kibali na kazi pia. Kisanduku cha fundi Bakili kililetwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Kilikaa mezani, kitupu.

Tatu aliporudi nyumbani, Sitara alikwenda kumwona pamoja na baba yake na Afande. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nilijua, Tatu. Nilijua imo, nikadanganya. Nisamehe."

"Ungesema tu, Sitara," Tatu alisema, akalia. Sitara naye akalia.

Bwana Mrisho alimgeukia Mzee Zahoro, baba yake Tatu, lakini sauti ikamkatika. Afande ndiye aliyemshika bega. "Sema, Bwana Mrisho. Watoto wanakusikiliza."

"Tangu utotoni naambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Bwana Mrisho alisema. "Methali hiyo haikunieleza yote. Asiyesikia ni mimi. Guu lililovunjika ni la mtoto wako, Zahoro. Nawe Sitara, ulinyamaza kwa kuniogopa, na katika kosa hilo pia nina fungu langu. Lakini mwanangu, siku nyingine ukiona hatari, sema. Nitakugombeza, na kugombezwa kutapita."

Mama yake Sitara aliliziba tundu la jamvi kwa ukindu mwekundu. Kila linapofuatwa, Sitara hulikunjua kwanza mbele ya wageni, kisha hulikunja tena na kuwakabidhi. Na kila asubuhi Tatu husimama langoni mwa shule na fimbo yake, akawaanzishia wenzake wimbo, wao wakakimbia. Sitara hakimbii. Husimama kando yake, amebeba madaftari ya watu wawili.