Dakika ya Tatu

Kwenye kona yenye kelele kuliko zote mjini, fundi baiskeli aliinua kichwa akakuta simu imemwelekea usoni.

"Dada, unanipiga picha mimi au baiskeli?"

"Baiskeli, kaka. Wewe umejipitisha tu."

Alikuwa mwalimu wa sayansi, gauni la kijani, viatu vyenye vumbi la chaki. Darasa lake lilikuwa na kitabu kimoja kwa wanafunzi watano, kwa hiyo masomo mengine aliyatuma kwa picha kwenye kundi la darasa, wakayatazama kwenye simu za wazazi.

Tangu siku hiyo fundi akawa anamrekodia video kila Ijumaa: mnyororo, breki, gia. Na kila jioni, simu.

"Wamenielewa?"

"Kuliko wanavyonielewa mimi. Usivimbe kichwa."

"Nimeshavimba, mpenzi."

Kisha, baada ya video ya gia, simu za fundi zikakatika. Hapokei, hajibu. Jumatatu mwalimu aliingia darasani macho mekundu, akauliza nani ana swali kuhusu video ya gia. Darasa likacheka chini chini.

"Mwalimu, utamjibu lini?" aliuliza msichana wa dawati la mbele.

"Nani?"

"Fundi. Dakika ya tatu."

Video ile mwalimu aliituma kwenye kundi kama zote, bila kuitazama hadi mwisho. Sasa akaifungua. Dakika ya tatu fundi alifuta jasho, akatazama kamera: "Hapa ukate, wasione watoto. Mpenzi, nataka tuoane."

Alasiri mwalimu alimkuta fundi ameinamia gurudumu.

"Wazazi hawajacheka vya kutosha?" fundi alisema bila kuinua kichwa. "Mteja mmoja, mzazi, alinionesha video hiyo hapa hapa."

"Niliituma bila kuimaliza. Wallahi sikujua."

"Kwa hiyo dakika tatu zangu zilikuwa ndefu?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. "Nilikosea. Nisamehe." Akamkabidhi simu. "Nirekodi."

"Ya nini?"

"Wanafunzi wameuliza swali."

Fundi akajifuta grisi kwa tambara, akashika simu kwa mikono miwili.

"Wanangu," mwalimu alisema, "jibu ni ndiyo. Picha ikitikisika, msinilaumu mimi. Mlaumuni fundi."

Ilitikisika kweli. Jioni ile mwalimu aliitazama mwanzo hadi mwisho, mara mbili, ndipo akaituma.